Shajara ya miche: nyanya juu ya mizizi ya biringanya, Dar es Salaam, msimu wa kipupwe

Mwishoni mwa Mei

Mvua za masika zimekata, kusi imeanza kupuliza, na kwa sisi wa pwani huu ndio wakati nyanya inakubali kuzungumza na mtu. Tatizo langu ni kitanda cha nyuma ya nyumba. Kina mnyauko wa bakteria tangu msimu uliopita.

Kwa asiyeujua: mche uko mzima asubuhi, mchana unalegea huku majani yake yakiwa ya kijani kabisa, jioni unajikusanya kidogo, na baada ya siku chache hauamki tena. Mnyauko wa fangasi kwa kawaida huanza na majani ya chini kuwa ya njano. Huu hauna subira hiyo. Ukitaka uhakika, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa, kisha tulia. Kama ni bakteria, ndani ya dakika chache utaona uzi mweupe ukishuka kutoka kwenye mkato, kama moshi wa ubani uliogeuzwa chini juu. Wangu ulishuka.

Mdudu mwenyewe anaitwa Ralstonia solanacearum. Anakaa udongoni miaka, anasafiri na maji ya kumwagilia, jembe na viatu, na hana dawa ya kupuliza. Muuza duka la pembejeo atakuuzia kopo la dawa ya fangasi, nawe utanyunyiza, na nyanya itakufa ikiwa imenyunyiziwa. Kupanda kwenye mifuko naweza, lakini kwa jua la huku mfuko wa kilo ishirini unakauka kabla ya adhuhuri, na mimi mchana nipo kazini.

Kwa hiyo mradi ni kubebesha: kichwa cha nyanya juu ya mizizi ya biringanya inayostahimili huyu bakteria. Kituo cha Mboga cha Dunia, World Vegetable Center, makao yake yako Taiwan na ofisi yake ya ukanda huu iko Duluti, Arusha, kimekuwa kikipendekeza njia hii kwa wakulima wa tambarare zenye joto na maji. Aina zinazotajwa zaidi kwa mizizi ni EG195 na EG203. Nimepata mbegu chache za EG203 kutoka kwa mtu wa bustani Arusha. Kumbuka kwamba si kila biringanya inafaa. Nyingine zinakufa na mnyauko huohuo, na biringanya ya sokoni hujui ukoo wake.

Kwa upande wa nyanya nimechukua Tengeru 97. Ni aina ya kawaida, si chotara, imetoka mwaka 1997 kwa wataalamu wa Tengeru, na inavumilia mnyauko wa fusari, ule wa fangasi, pamoja na minyoo fundo, wale wanaovimbisha mizizi. Tunda lake lina ngozi ngumu, linakaa.

Kuandaa mchanganyiko wa trei

Nitaeleza hapa kwa kirefu kwa sababu miche mingi ya nyumbani hufia hapa.

Udongo wa uani haugusi trei zangu, hata kijiko. Nimetumia makumbi ya nazi yaliyosagwa, ambayo Dar hayana shida kupatikana, lakini makumbi ya pwani yana chumvi. Unayaloweka usiku kucha, unakamua, unamwaga maji yale ya rangi ya chai, unarudia mpaka maji yatoke karibu meupe. Ukionja ncha ya kidole na bado kuna chumvi, endelea kusuuza. Nimechanganya na mboji iliyopita kwenye chekecheo na pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi bila kugeuka majivu. Pumba hizo zinafungua nafasi za hewa na maji yanapita bila kutuama.

Mboji nimeipika. Ndiyo, nimeipika: sufuria kuukuu, maji kidogo chini, kifuniko, moto wa mkaa mdogo mpaka katikati ya mboji pakawa pa moto kiasi cha kutoshikika, halafu nikaiacha hapo kama nusu saa. Nyuzi joto 80 hivi zinaua fangasi wa kinyausi, ugonjwa unaoangusha miche michanga, na mbegu za magugu. Ukipita hapo sana unaanza kuharibu mboji yenyewe. Jirani alichungulia ukutani akauliza, "Mama, leo mnakula udongo?" Nikamwambia karibu.

Trei za plastiki zilizowahi kutumika nimezisugua na sabuni, nikazitumbukiza kwenye maji yenye jiki kidogo, nikazianika juani.

Kusia

Biringanya imetangulia. Maelekezo ya kawaida husema iwe mbele ya nyanya kwa siku tatu hivi, kwa sababu inachelewa kuota na shina lake linanenepa polepole. Mimi nimeipa nafasi kubwa zaidi ya hiyo, maana kipupwe usiku joto linashuka hadi chini ya nyuzi 20 na mbegu ya biringanya inataka 25 mpaka 30. Trei yake inalala juu ya friji jikoni, nyuma kule kwenye joto la mota, imefunikwa na nailoni nyepesi. Kikionekana kichwa cha kwanza tu, nailoni inatoka na trei inakwenda kwenye mwanga siku hiyohiyo. Ukichelewa hata kidogo mche unajivuta kutafuta mwanga na hutaweza kuurudisha.

Kina cha mbegu ni nusu sentimita mpaka moja, mbegu mbili kwa tundu. Zikiota zote, dhaifu naikata na mkasi usawa wa udongo. Kung'oa kunatikisa mizizi ya anayebaki.

Nyanya ikafuata. Ikaota haraka, bila maringo, kama kawaida yake.

Juni, wiki za mwanzo: mwanga

Kazi yote kuanzia hapa ina kipimo kimoja, unene wa shina. Kubebesha nyanya kunahitaji mashina mawili yenye unene sawa, milimita mbili hivi, nyanya na biringanya. Mche mrefu, mwembamba, wenye shina jeupe linaloinama hautabebeshwa; utavunjika mkononi. Kwa hiyo kila ninachofanya, kumwagilia, kulisha, kuhamisha, najiuliza kitanenepesha shina au kitalirefusha.

Cha kwanza ni mwanga, na hapa watu wa Dar tunajisahau. Tunadhani tuko ikweta, jua liko juu ya kichwa mwaka mzima. Mwezi Juni jua liko kaskazini yetu. Saa sita mchana linasimama kama nyuzi 60 kutoka upeo wa macho, upande wa kaskazini. Baraza linaloangalia kusini halipati jua la moja kwa moja tangu asubuhi mpaka jioni. Langu la mbele linaangalia kusini na ndilo zuri, lina vigae, lina maua. Miche iko nyuma, upande wa kaskazini, karibu na tangi la maji na kamba ya nguo. Wageni hawaioni, lakini jua linaipata.

Siku za mwanzo inapata jua la asubuhi tu, saa moja mpaka saa nne, kisha kivuli chepesi cha neti nyeusi. Majani halisi ya kwanza yakifunguka, naongeza saa kidogo kidogo. Mche unaokaa ndani karibu na dirisha unainamia kioo. Watu huzungusha trei kila siku wakidhani wameutibu. Ukizungusha mche unanyooka, lakini shina linabaki jembamba vilevile.

Maji

Asubuhi tu. Jioni simwagilii, labda kuwe na upepo mkali umekausha kila kitu. Miche inayolala na shingo mbichi ndiyo kinyausi wanayoitafuta.

Siku hizi namwagilia kwa chini: trei inakaa kwenye beseni lenye maji ya vidole viwili, nasubiri mpaka juu pabadilike rangi pawe peusi, natoa, naacha ichuruzike. Juu panakauka haraka na chini kuna unyevu, hivyo mzizi unashuka kuufuata. Faida nyingine ni kwamba wale nzi wadogo weusi wanaorukaruka juu ya udongo mbichi hawapati pa kutagia. Funza wao hula mizizi myembamba, na ukiona mche umedumaa bila sababu, chimbua, huenda ni wao.

Kujua lini pa kumwagilia, nainua trei. Trei kavu ni nyepesi na mkono unazoea tofauti hiyo upesi. Kuweka ratiba ya "mara mbili kwa siku" ni njia ya uhakika ya kuua miche wiki ya mawingu.

Kinyausi

Niliweka trei moja ya majaribio pembeni, yenye mboji ileile isiyopikwa, ya nyanya peke yake. Nilitaka kuona kama usumbufu wa kupika una maana. Baada ya siku mbili za mawingu mfululizo, asubuhi nikakuta kona moja miche imelala. Ukiitazama kwa karibu: majani bado ya kijani, mabichi, hayana doa. Lakini pale shingo inapoingia udongoni pamebanwa, pamekuwa pa kahawia na maji, pembamba kuliko sindano ya kushonea, kana kwamba mtu amepaminya kwa kucha. Ukivuta, mche unakatika hapo na mzizi unabaki chini.

Hawa ni fangasi wa udongoni na jamaa zao, Pythium na Rhizoctonia wakiwa mstari wa mbele. Mche ulioanguka hauinuki. Nilichota udongo wa kona ile pamoja na miche iliyoizunguka, mizima na migonjwa, nikatupa kwenye taka, sio kwenye mboji. Iliyobaki nikaipeleka juani na kuinyima maji mpaka juu pakakauka kabisa. Ikasimama hapo, haikuendelea. Trei za mboji iliyopikwa hazikuangusha mche hata mmoja, na zilikuwa meza moja na ile ya majaribio. Nitapika tena.

Majivu watu hunyunyiza juu, nami siwakatazi, yanakausha. Lakini yakizidi yanapandisha magadi kwenye kitundu kidogo kile na majani yanaanza kufifia.

Katikati ya Juni: upepo na kiganja

Kusi inafanya kazi nzuri kuliko mbolea. Mche unaotikiswa unajenga shina fupi na nene. Usiotikiswa unakua kama mtoto wa kuletewa kila kitu. Siku upepo ukitulia, napitisha kiganja juu ya vichwa vya miche, kwenda na kurudi, mara kadhaa asubuhi majani yakiwa makavu. Majani yakiwa na umande usifanye hivyo, unasambaza magonjwa kwa mkono wako mwenyewe. Harufu ya nyanya inabaki kiganjani mpaka chai ya saa nne.

Chakula ni kidogo. Majani mawili ya awali yana akiba yake. Kabla ya jani halisi la kwanza sitoi kitu. Baadaye natumia mbolea ya maji ya uwiano sawa, 19:19:19, gramu moja kwa lita, mara moja kwa wiki, badala ya maji ya siku hiyo. Ukizidisha naitrojeni mche unapendeza, kijani kizito, majani mapana, na shina lake ni maji matupu.

Nzi weupe, na habari ya chandarua

Wameanza kuonekana. Ukigusa mche wanapaa vumbi jeupe, halafu wanarudi chini ya jani. Kunyonya kwao majani si hoja. Hoja ni virusi vya kujikunja majani, vile wakulima wanaviita rasta. Mche ukiambukizwa kitaluni hauzai kitu cha maana.

Kila anayepita ananishauri nifunike na chandarua. Chandarua cha mbu kina matundu ya zaidi ya milimita moja, na nzi mweupe mwenyewe ana urefu wa milimita moja tu na upana chini ya hapo. Anapita bila kuinama. Na chandarua chenye dawa alichopewa mama mjamzito kliniki kinatakiwa kikae kitandani kwake. Neti inayomzuia nzi mweupe ni ile ya wadudu yenye matundu madogo sana, duka la pembejeo wanaiita ya meshi 50. Nimenunua mita mbili, nikafunga fremu ya mabomba ya plastiki, nikafukia pindo chini kwa mchanga. Neti hiyo inabana hewa, hivyo nimeinua fremu iwe mbali na vichwa vya miche.

Ndani nimeweka kibao cha njano kilichopakwa mafuta ya mgando. Hakimalizi wadudu, ila kinaniambia kama kuna waliopenya.

Mwanzoni mwa Julai: kubebesha

Mashina yamelingana. Nilipima kwa kijiti cha kiberiti kwa sababu kifaa cha kupimia sina. Kijiti ni karibu milimita mbili.

Cha kushikilia maungio kinauzwa nje, vibanio vidogo vya silikoni. Hapa nilienda kwa fundi baiskeli nikaomba mpira wa valvu, ule mwembamba wa zamani. "Dada, baiskeli yako iko wapi?" Nilipomweleza akaita wenzake wasikilize, akanikatia urefu wa mkono bure ili nimletee nyanya. Unakata vipande vya sentimita moja, unapasua ubavu mmoja, unapata kibanio kinachofunguka chenyewe shina likinenepa.

Kazi nilifanya jioni, jua limeshazama, ndani, feni imezimwa. Miche ilinyweshwa asubuhi. Wembe mpya, unapanguswa na spiriti kila baada ya mche.

Biringanya inakatwa juu ya majani yake ya awali, kwa mshazari mkali, mkato mmoja bila kusita. Nyanya inachaguliwa yenye unene uleule, inakatwa kwa mshazari unaolingana, na majani makubwa yanapunguzwa ili isipoteze maji. Uso kwa uso, mpira unazungushwa, basi. Mkato ukikaa hewani muda unakauka, kwa hiyo kata moja, unganisha moja. Ukikata kumi kwanza utaunganisha maiti. Kijana wangu alishika tochi, na kazi yake ya pili ilikuwa kusema "imepinda" kila ilipopinda, kazi aliyoifurahia kupita kiasi.

Miche iliyobebeshwa iliingia kwenye kontena kubwa la plastiki lenye kifuniko, chini kuna maji kidogo, trei imeinuliwa juu ya vikombe isiguse maji. Kontena likaenda chini ya kitanda. Giza, joto la nyuzi 25 mpaka 30, na hewa yenye unyevu zaidi ya asilimia 90: ndani ya hali hiyo kichwa cha nyanya kisicho na mizizi kinaweza kuishi mpaka mishipa iungane. Kuta za kontena zikiwa na matone asubuhi, hali ni nzuri. Zikikauka, unapuliza maji kwenye kuta, wala si juu ya maungio.

Kutoka chini ya kitanda

Siku mbili tatu za giza, kisha mwanga hafifu wa chumbani, kifuniko kikiwa bado kimefungwa. Baadaye nafungua ufa wa kidole asubuhi. Mche ukilegea, nafunga, najaribu kesho. Ukisimama, ufa unapanuliwa. Zoezi zima huchukua siku saba hadi kumi, na halina njia ya mkato. Ukiufungia unyevu muda mrefu kupita hapo, nyanya inatoa vizizi vyeupe juu ya maungio ikidhani haina mizizi, hivyo unavikata.

Iliyokufa ilikuwa zaidi ile ambayo unene haukulingana, nyanya nene juu ya biringanya nyembamba. Kinyume chake ilivumilia kiasi. Chini ya mpira, kwa waliofaulu, kuna uvimbe mdogo wa kijani kama kovu, na ukigusa kichwa shina linatikisika kwa pamoja toka chini, bila kupindia kwenye kiungo.

Biringanya haijakata tamaa ya kuwa biringanya. Inachipua kwapani mwa majani yake ya awali, na kila chipukizi nalitoa likiwa dogo. Ukiliacha, litapora chakula na kichwa cha nyanya kitadumaa.

Mwishoni mwa Julai: kupandikiza

Wiki nzima ya kuikomaza: neti imetolewa mchana, maji yamepunguzwa bila kuiacha inyauke, jua la siku nzima. Majani yamekuwa magumu kidogo na rangi imekolea.

Kitandani nimepanda jioni, sentimita 60 kati ya mche na mche. Hapa yako mambo mawili yanayopingana na tulichofundishwa. Nyanya ya kawaida tunaizika shina ili itoe mizizi zaidi. Hii ukiizika maungio yakagusa udongo, nyanya itatoa mizizi yake yenyewe, mizizi ile itaingia kwenye bakteria, na kazi yote ya Juni imekwenda bure. Maungio yamekaa vidole vinne juu ya ardhi. Kadhalika hakuna kupandishia udongo wakati wa palizi, matandazo ya nyasi yanakaa mbali na shina, na kila mche una mti wake wa kufungia tangu siku ya kwanza ili tawi lisilale chini. Matawi ya chini kabisa nimeyakata.

Katikati ya mstari nimepanda miche michache ya Tengeru 97 isiyobebeshwa, ya trei ileile, kwa ajili ya kulinganisha. Jirani anasema ni ukatili.

Agosti, hadi sasa

Isiyobebeshwa imeanza kulegea mchana, mmoja baada ya mwingine, na glasi ya maji imethibitisha. Naing'oa na udongo wake, nazima mfereji wa maji upande huo, wembe na jembe vinaoshwa kabla ya kugusa mwingine. Iliyobebeshwa imesimama, ina vishada vya kwanza vya maua, ingawa kwa urefu iko nyuma kidogo ya ile isiyobebeshwa. Kazi iliyo mbele ni kufunga kamba ya pili, kupunguza vitawi vya kwapani, na kukagua majani kutafuta kantangaze, nondo ambaye funza wake huchimba ndani ya majani ya nyanya, na nimeona mifereji yake miwili kwenye jani la chini jana jioni. Fundi baiskeli ameshauliza mara mbili nyanya zake ziko wapi.